Jinsi ya kufunga mizigo kwenye mtumbwi: mafundo manne tu yanakutosha

Mbukwenyi wadau. Maswali ni yale yale kila siku, "kaka kamba yangu inalegea nikifika katikati nifanyeje", "deli nalifungaje lisicheze", "nimefunga nimeshindwa kufungua nikakata kamba mpya kabisa", na wengi wanaouliza ni watu wa Dodoma mjini waliozoea kufunga mzigo kwenye bodaboda, sasa wakifika bwawa la Mtera au Hombolo wanadhani mtumbwi nao ni hivyo hivyo. Sio. Kwenye bodaboda mzigo ukidondoka unasimama unaokota unaendelea na safari. Kwenye maji mzigo ukihamia upande mmoja mtumbwi wote unalala, na kilichozama ndo kimezama, afu Mtera kuna mamba na viboko kwa hiyo ile habari ya kujirusha majini kufuata kasia isahau kabisa.

Hapa naongelea mtumbwi wa kawaida wa mbao, wa makasia, wenye zile mbao mbili tatu za kukalia zinazokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Mafundo ninayokupa ni manne. Akitokea mtu anataka kukufundisha kumi na tano siku ya kwanza mshukuru, mwache aendelee, we baki na haya manne mpaka vidole vyako viyajue bila kuangalia. Na kabla hatujaanza shika hili moja: fundo halitakiwi kushika tu, linatakiwa na kufunguka, pale unapotaka wewe, kwa mikono iliyolowa, chapchap. Wanaoanza karibu wote wanawaza habari ya kushika tu, ndo maana wanafunga lile fundo la kamba ya kiatu mara tano moja juu ya lingine, linakuwa donge, na ajabu ni kwamba donge lenyewe kwenye manila, hii kamba ya plastiki inayoteleza, bado linalegea.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Kamba ya manila unene wa milimita 6 hadi 8, yaani kama penseli hivi. Kata vipande vinne vya mita 4, vipande vitatu vya mita 1 na nusu, na kimoja kirefu cha mita 12 au 15 cha kufungia mtumbwi wenyewe ukingoni.
- Kisu kikali chenye ala. Sio kile cha jikoni kinachosaga nyanya.
- Turubai linalotosha kufunika mzigo wote, na mifuko ya nailoni migumu kwa vitu visivyotakiwa kulowa.
- Madumu matupu mawili au matatu ya lita 20, vifuniko vinavyobana kweli.
- Kopo la kukumbia maji. Dumu la lita 5 lililokatwa vizuri linatosha.
- Fito kadhaa za kutandika chini.
- Jaketi okozi kwa kila mtu. Hili halifungwi na mzigo, linavaliwa.
- Kiberiti.

Kuhusu kamba niseme kidogo maana hapa ndo watu wanaharibu. Katani achana nayo kwenye maji. Ikilowa inavimba, fundo linabana mpaka kulifungua ni kazi, na ikikauka juani inalegea, kwa hiyo ulichokikaza asubuhi mchana kinacheza. Manila hizi za rangi zinazouzwa kwa mita pale masoko ya Majengo na Sabasaba nyingi zinaelea, hiyo ni faida, ikikuponyoka unaiona juu ya maji unaivuta na kasia. Ubaya wake ni miwili, inateleza na jua linaila. Na jua la huku mnalijua. Kabla hujalipa ikunje kwa nguvu kati ya vidole halafu angalia kiganja, ukiona vumbi la nyuzi nyuzi na ile rangi imepauka, hiyo imeshaanikwa dukani miezi na miezi, mwachie mwenye duka. Zile nyembamba za kuanikia nguo nazo hapana, zinakata mikono na fundo lake likishabana kwa kucha hulifungui.

Mipira ya tyubu najua mnaipenda. Ni mizuri kushikilia kona za turubai lisipepee, basi. Mpira unavutika, sasa mtumbwi ukiyumba mzigo unauvuta mpira, mpira unaurudisha mzigo, na kila ukirudi unazidisha ule kuyumba. Usifungie kitu kizito kwa mpira.

MAJINA NITAKAYOTUMIA

Ncha ni ule mwisho wa kamba unaofanyia kazi. Kamba mama ni ile ndefu inayokwenda kwenye mzigo au inakotoka. Mkunjo ni kamba ukiikunja bila kuivusha juu ya yenyewe. Pete ni kamba ukiizungusha ikajipita juu yenyewe. Basi, hakuna nadharia nyingine.

HATUA ZENYEWE

1. Choma ncha za kamba ukiwa nyumbani

Kila kipande ukikata, pitisha ncha kwenye moto wa kiberiti hadi nyuzi ziyeyuke zishikane, halafu iviringishe juu ya bati au jiwe ikiwa bado ya moto. Usiviringishe kwa vidole, plastiki ya moto inaganda kwenye ngozi na inaunguza vibaya. Ncha isiyochomwa inafumuka, na ncha iliyofumuka haipiti kwenye pete ukiwa na haraka.

Ukiwa hapo hapo nyumbani fanya mazoezi. Mguu wa kiti ndo ubao wako wa kukalia, ndoo yenye maji ndo mzigo. Ukishaweza funga macho ufanye tena, kisha lowesha kamba ufanye tena. Anayejifunzia fundo ndani ya mtumbwi anajitafutia balaa.

2. Panga mzigo kabla hujagusa kamba

Fundo haliokoi mzigo uliopangwa vibaya. Tandika fito chini kwanza, maana mtumbwi wa mbao hauachi kuingiza maji kidogo na gunia la mahindi likikaa kwenye maji hata robo saa limeharibika chini. Vizito viwe chini na katikati, vyepesi juu yake, urefu wa mzigo usipite sana ukingo wa mtumbwi. Gunia la kilo 100 lililosimama ni hatari, ni bora ugawe kwenye viroba vidogo uvilaze. Nyuma ambako mpiga kasia anakaa acha nafasi ya miguu, na usiache kamba yoyote imezagaa eneo hilo.

Ukimaliza kupanga shuka, simama ukingoni uangalie mtumbwi kwa mbele. Ukiwa umelala upande hata kidogo rekebisha sasa hivi. Kiwango changu mimi ni kwamba tukishakaa wote, kutoka kwenye maji hadi ukingo wa mtumbwi ibaki shubiri moja na zaidi. Ikipungua hapo, toa mzigo. Kaka atakuambia "mbona jana tulibeba zaidi", mwambie jana upepo haukuwepo.

3. Anza kamba kwenye ubao: mizunguko miwili na vifundo viwili

Hili ni la kuanzia kamba yoyote. Ncha ipitishe chini ya ubao wa kukalia, ipande juu, izungushe tena mara ya pili ili ubao ukumbatiwe na kamba mara mbili. Hiyo mizunguko miwili ndo inayobeba uzito, vifundo vinazuia tu isifunguke. Sasa ncha ipitishe juu ya kamba mama, izungushe chini yake, itokeze katikati ya yenyewe na ubao, vuta. Rudia mara moja zaidi, kwa kuelekea upande ule ule. Sukuma vyote viwili vigusane na ubao.

Hapo kwenye "upande ule ule" ndo penye kosa. Ukigeuza cha pili kikaelekea kinyume kinakaa vibaya na kwenye manila kitateleza. Angalia vifundo vyako, vinatakiwa vilale sambamba vinafanana. Ncha ibaki ndefu kama upana wa kiganja.

4. Vitu vyenye mshikio: kitanzi kisichobana

Dumu, ndoo, deli lenye masikio, hata mbuzi. Hiki kitanzi kikishafungwa ukubwa wake haubadiliki, ukivuta hakijinyongi, ndo maana kwa mbuzi shingoni ndo chenyewe, vile vitanzi vya kujikaza vinaua mnyama akishtuka na akaanza kurukaruka.

a) Pitisha ncha kwenye mshikio wa dumu, acha ncha ndefu kama mkono hadi kiwiko.
b) Kwenye kamba mama, karibu na dumu, tengeneza pete ndogo. Sehemu inayoelekea kwenye ncha iwe juu, kamba mama iwe chini. Hapa tulia, ukikosea hapa yote yanayofuata ni bure.
c) Ncha iingie kwenye pete kutokea chini, ipande juu.
d) Izungushe nyuma ya kamba mama.
e) Irudi kwenye ile ile pete kwa kushuka.
f) Shika ncha pamoja na ubavu wa kitanzi kwa mkono mmoja, kamba mama kwa mwingine, vuta.

Likikaa vizuri utaona ncha imebaki ndani ya kitanzi, na juu pale kuna mkunjo mmoja umeikumbatia kamba mama kama kola ya shati. Usipoiona ile kola, fungua urudie. Pete ikiwa imegeuzwa utajua tu, ukivuta linafyatuka lote unabaki na kamba mkononi. Na kwa sababu manila inateleza, hiyo ncha iliyobaki ifunge kifundo kimoja kwenye ubavu wa kitanzi, hiyo ni lazima kwenye maji yenye mawimbi maana kitanzi hiki kikiwa kinalegezwa na kukazwa kila sekunde kinaweza kujifungua chenyewe taratibu.

Madumu matupu funga moja chini ya ubao wa mbele na moja chini ya ubao wa nyuma, yabane pale yasicheze. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko likizamishwa lote linasukuma juu karibu kilo 20, kwa hiyo mtumbwi ukijaa maji hayo ndo yanaushikilia usishuke. Dumu lililofungwa kwa kamba ndefu linaelea pembeni huko peke yake, halikusaidii chochote.

5. Mzigo mkubwa: fundo la kukaza

Hili ndo watu wanalolitaka. Kama umewahi kupita Kibaigwa msimu wa mahindi ukaona vijana wanavyofunga magunia kwenye fuso, mmoja juu ananing'inia na kamba, ni hili hili. Linakupa nguvu zaidi ya ile ya mikono yako, kwa hiyo hata mtu mwembamba anakaza mzigo ukatulia.

a) Funika mzigo na turubai kwanza, kingo zake ziingie chini ya mzigo. Kamba inapita juu ya turubai.
b) Anzia ubao wa mbele, upande wa kushoto, kwa fundo la hatua ya 3.
c) Rusha kamba juu ya mzigo hadi ubao wa nyuma, upande wa kulia. Usiifunge bado.
d) Kwenye kamba inayoshuka, mkono mmoja hivi kabla ya kufika ubao, isokote utengeneze pete ndogo. Isokote mara mbili, sio moja, ukisokota mara moja jicho litabana na kufungua itakuwa shida.
e) Chukua kamba ya chini ya hiyo pete, yaani upande wa ncha, ikunje, huo mkunjo upitishe kwenye pete, vuta. Umepata jicho.
f) Ncha ishuke ipite chini ya ubao, ipande iingie kwenye jicho.
g) Sasa vuta ncha kuelekea chini. Vuta taratibu, mtu mwingine akiwa anasukuma mzigo kwa kiganja ili ukae. Utaona turubai linaanza kukunjamana chini ya kamba na gunia linaingia ndani.
h) Bana kwa vidole viwili pale ncha inapogeukia kwenye jicho. Usiachie. Kwa mkono wa pili funga kifundo kimoja chini ya jicho, halafu cha pili, lakini cha pili usipitishe ncha yote, pitisha mkunjo wake. Huo ndo mkia wa kuchomoa, ukiuvuta kifundo kinaachia.

Rudia kwa kamba ya pili kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, zikatize juu ya mzigo. Kamba moja peke yake mzigo unateleza pembeni, mbili zilizokatizana hautoki.

Makosa matatu nayaona kila siku hapa. La kwanza, mtu anakunja upande wa kamba mama badala ya upande wa ncha, jicho linajikaza na kupotea akivuta. La pili, anakaza mpaka mbao za ubavu wa mtumbwi zinalia. Mtumbwi sio fuso, ukisikia kukwaruza acha. La tatu, jicho linatengenezwa sehemu ile ile ya kamba kila safari, kamba inasuguana na kamba, inapata joto, inakatika hapo. Kila safari sogeza kidogo.

6. Kamba haifiki: fundo la kuunga

Kamba nene ikunje, ishike mkunjo wake kwa mkono wa kushoto. Ncha ya kamba nyembamba iingie ndani ya mkunjo kutokea chini, izunguke nyuma ya miguu yote miwili ya mkunjo, ije mbele halafu ipite chini ya yenyewe, isiingie tena ndani ya mkunjo. Vuta. Kwa manila izungushe nyuma mara mbili ndo uipitishe chini. Ncha zote mbili fupi zitokee upande mmoja, zikitokea pande tofauti fundo linashika lakini sio vizuri.

Wanaoshona nyavu hili hamhitaji kufundishwa, ndo lile lile mnalolipiga kwenye kila jicho la wavu.

7. Vitu vidogo

Kopo la kukumbia maji lifungwe kwa kipande kifupi cha mita 1 na nusu, kitanzi kisichobana upande wa kopo, vifundo viwili upande wa ubao. Maji yakiingia kwa kasi watu wanakumba kwa fujo, kopo linaponyoka. Kasia la akiba nalo lilale kando ya mzigo likiwa na mkia wa kuchomoa. Kisu kifungwe kamba fupi kwenye ubao wa nyuma, anakokaa mpiga kasia, kiwe kwenye ala. Simu iingie mfuko wa nailoni ubane hewa itoke, ikae mwilini kwako, sio kwenye begi lililoko chini ya turubai.

Nyavu usizifunge na mzigo. Ziwekwe mbele peke yake juu ya gunia, tayari kutumika. Nanga ifungwe isitembee, ila kamba yake iwe imeviringwa vizuri bila kupita kwenye miguu ya mtu.

ONYO AMBALO SILIWEKI KWENYE NAMBA: usijifunge wewe kwenye mtumbwi. Usimfunge mtoto kwenye mtumbwi, hata kama anasumbua, hata kama mama yake anasema ni kwa usalama wake. Usizungushe kamba kiganjani ukivuta mzigo. Na hakuna kamba inayobaki inaning'inia nje. Mtera ile miti iliyomezwa na maji bado ipo, mingine inaonekana imesimama mikavu na mingine imebaki visiki chini ya maji, kamba inayoburuzwa nje ikikamata kisiki wakati upepo unakusukuma mtumbwi unageuzwa ubavu kwa mawimbi, na hapo ni sekunde.

8. Tikisa kabla ya kuondoka

Mtumbwi ukiwa kwenye maji ya magotini, shika ukingo mtumbwi uyumbe kushoto kulia mara kadhaa. Sikiliza. Dumu likigonga halijakaa. Shika mzigo uusukume, ukisogea kaza tena. Halafu jaribu kuchomoa mkia mmoja, kweli, vuta uone kama unaachia, kisha ufunge upya. Watu hawapendi hili wanaona ni kupoteza muda, ila ndo kipimo pekee.

Piga makasia dakika kumi ukiwa bado karibu na ukingo, angalia tena. Mzigo huwa unashuka ukishayumbishwa na kamba zote zinalegea kidogo safari ya kwanza. Ondoka asubuhi mapema, Mtera mchana upepo ukipanda mawimbi yake ni mafupi ya karibu karibu, yanatikisa mzigo kuliko unavyodhani.

9. Kufunga mtumbwi wenyewe

Kamba ndefu, mizunguko miwili na vifundo viwili kwenye mti ulio hai au jiwe kubwa, sio kisiki kikavu. Mtera ni bwawa la umeme, maji yanapanda mvua ikinyesha na mito ya Ruaha ikijaa, yanashuka kiangazi, kwa hiyo ukiacha mtumbwi siku kadhaa uvute juu kabisa na kamba ibaki na urefu wa kutosha. Ukikaza kamba fupi na maji yakapanda, mbele inavutwa chini.

10. Kufungua na kutunza

Fungua kwa kuchomoa mikia, mmoja mmoja, mzigo ukiwa umeshikiliwa. Suuza kamba tope litoke, mchanga ukiingia kati ya nyuzi unazikata ndani kwa ndani. Anika kivulini. Ziviringe kila moja peke yake, ukizitupa zote kwenye kiroba kimoja utakuja kuongea maneno mabaya safari ijayo.

IKITOKEA SHIDA

Kamba inalegea kila baada ya muda. Mara nyingi sio fundo, ni mzigo unashuka au turubai linateleza. Kaza tena ile ya hatua ya 5, huna haja ya kufungua mwanzo. Ikiendelea, weka kamba ya tatu ya kukatisha kati kati, ubavu kwa ubavu.

Fundo limebana halifunguki. Usitumie meno wala kisu. Sukuma kamba mama irudi ndani ya fundo huku unalisugua kati ya viganja, litaachia kidogo, kisha chokonoa kwa kijiti kilichochongwa butu. Kwenye kile kitanzi kisichobana ni rahisi zaidi, ile kola iliyokumbatia kamba mama ikunje kwa dole gumba kuelekea nyuma, lote linalegea.

Mkia wa kuchomoa unachomoka wenyewe. Umeacha mkunjo mfupi mno. Uwe mrefu kama kiganja na vidole, na kifundo cha kwanza kisiwe cha kuchomoa, cha mwisho tu.

Mtumbwi umelala upande mzigo umehama. Usisimame. Wote mkae chini kabisa katikati, mmoja tu ndo asogee. Chomoa mkia wa upande uliolemewa usukume mzigo urudi, ikishindikana mwaga vya juu majini. Kilo tano za perege hazina thamani ya mtu.

Mtumbwi umepinduka. Shikeni mtumbwi, pandeni juu yake, hesabianeni. Hakuna anayezama kufungua mzigo. Kilichofungwa vizuri mtakikuta pale pale ukivutwa ukingoni, na madumu yatakuwa yanafanya kazi yake.

Mtumbwi wangu ni wa gogo, hauna mbao za kukalia. Hapa wengine wanapitisha kamba chini ya mtumbwi mzima wanazunguka tumbo lake, usifanye hivyo, visiki vitaikamata na kila ukiburuza kwenye mchanga inalika. Muone fundi wa mitumbwi akupigilie vibao vifupi kwa ndani karibu na ukingo, vinne, viwili kila upande, kila kibao kikiwa na tundu la kupitisha kamba. Tundu lisuguliwe na msasa mpaka kingo ziwe laini, na liwe kwenye kibao, sio kwenye ubavu wa mtumbwi.